Kilo za Mama

Nikisikia mpima mizani sokoni anaita kilo kwa sauti, mpaka leo natamani nigeuke nimtukane. Hajanikosea kitu, najua. Yuko kazini kwake. Lakini mimi na mizani tuna ugomvi wa siku nyingi, tangu enzi za Ujamaa, na kwa umri huu nilio nao sioni sababu ya kuumaliza.

Tuliishi Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, sisi tukiwa na viwili vya mbele. Mama alikuwa na meza ya mboga sokoni. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti na maringo yake, na wachuuzi wenzake walimpachika jina la utani la lori moja kubwa la mizigo la siku zile. Aliliitikia bila kinyongo, mradi anayeita awe mwanamke mwenzake. Mwanamume akithubutu alipata alichokitafuta.

Baba alikuwa mpishi. Alikuwa mtu wa Lindi, mwembamba, mwenye maneno machache, na kazi yake ilikuwa huko bara, kwenye loji moja ya zamani katikati ya nchi kavu, ambako mito karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Wazungu wawindaji ndio walioijenga enzi za mkoloni. Baadaye ikachukuliwa na shirika la umma, wazungu wakaondoka, baba akabaki jikoni kwake. Barabara ya kwenda huko ilikuwepo kwa jina tu. Masika ilikatika, kiangazi magari yalizama mchangani, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa ndege ndogo kila Alhamisi: wageni, mafuta ya taa, sabuni, na mboga. Mboga zilitoka kwenye meza ya mama. Baba mwenyewe tulimwona mara moja kwa mwaka, akija likizo.

Watu wa sokoni walikuita huko jangwani. Na kwa kuwa Jangwani ya Dar es Salaam iko pua na mdomo na Kariakoo, hapo bondeni tu, mama alitaniwa mpaka basi. "Mumeo yuko Jangwani hapo, mwenzangu, anashindwaje kuja kulala nyumbani?" Mwingine akadakia, "Kapata wa kumsongea ugali huko." Mama alicheka nao. Tukirudi nyumbani alikuwa hacheki.

Ndoa yao ilikuwa ndani ya matenga. Baba kwa barua alikuwa mvivu, na mama ndiyo kwanza alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, jina lake analiandika kama mtu anayechora nyumba. Basi walisemezana kwa mboga. Jumatano jioni mama alipanga tenga kwa mikono yake, asiruhusu mtu kugusa: viazi na vitunguu chini, kabichi katikati, nyanya juu zikilaliwa na majani makavu. Moyo wake ukiwa mweupe, juu kabisa aliweka ndimu na kifungu cha mchaichai kwa ajili ya chai ya baba. Akiwa amemkasirikia alimwekea bilinganya. Baba hakuzipenda bilinganya hata kidogo, maana wageni walizirudisha sahani ilivyo. Tenga lilirudi na ndege ileile likiwa na majibu yake: asali ya porini kwenye chupa ya soda, nyama iliyokaushwa, majani ya dawa ya tumbo. Safari moja baada ya bilinganya nyingi mno, tenga lilirudi na vikonyo vyake vitupu, vimefungwa kwa uzi vikawa shada. Mama alikaa chini pale sokoni akacheka huku anajifuta machozi na ncha ya khanga.

Sasa mizani. Aliyechukua mzigo kila Alhamisi asubuhi alikuwa rubani mwenyewe, kijana wa Kilimanjaro, Mkristo mpole, shati jeupe limenyooka kwa pasi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekunywa chai?" Ndivyo walivyoanza daima. Ndege ndogo, alitueleza, haiendi kwa kubahatisha; lazima ajue uzito wa kila kilichopanda, kiazi na mtu. Mizani ya kule uwanja wa ndege ilikuwa imekufa, na vipuri miaka ile ungevitafuta mpaka uchoke. Kwa hiyo alipimia kila kitu hapohapo sokoni, kwenye mizani kubwa ya chuma iliyokaa sakafuni sehemu ya kushushia mizigo. Na mtu akitokea mjini kusafiri naye, alikuja naye sokoni akampandisha palepale.

Mizani ile ilikuwa na desturi yake. Mzee aliyeisimamia alisogeza jiwe kwenye mkono wa chuma, likitulia akaita kilo kwa sauti ya kuadhini. Mahamali waliokaa kwenye mikokoteni yao wakairudia wote kwa pamoja, ili muuzaji na mnunuzi wasije wakabishana baadaye. "Sitini na nne." "Sitini na nneee." Ikishaitwa na kurudiwa, imekwisha, hakuna wa kuibadili. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa vitunguu.

Kila likizo baba alimwambia mama maneno yaleyale. Wakikaa uani baada ya kula, anamwambia, "Njoo mara moja tu upaone ninapokaa." Mama anajibu, "Nikipata nafasi." Mara meza haina wa kuiangalia, mara foleni ya sukari, mara mgonjwa Magomeni. Baba hakubishana naye. Alikuwa anajua wanayosema watu sokoni, na aliwahi kuniambia mimi, mtoto wake wa pekee, kwamba anataka mama aone kwa macho yake chumba anacholala, aone ni kitanda cha mtu mmoja. "Maneno yangu hayatoshi," alisema. "Kuona ni kingine."

Sababu ya kweli ya mama niliijua mimi peke yangu, kwa kuwa nililala naye chumba kimoja na nilimsikia akijisemea. Aliogopa mizani. Si ndege. Ndege alisema ni ya Mungu. Alichoogopa ni kusimama juu ya lile bamba la chuma kama gunia, mke wa mtu, na wanaume wazima warudie kilo zake kwa wimbo, halafu ziimbwe mtaani mpaka anaingia kaburini.

Wiki moja tenga lilirudi tupu. Mama alilipindua, akalikung'uta, akamtazama rubani.

"Mzee kifua kinambana, mama," rubani alisema. "Anakohoa. Lakini anatembea, na jikoni anaingia. Amenituma nikwambie hivi: safari hii asipelekewe dawa, apelekewe mkewe. Na nafasi ipo, mgeni mmoja wa Alhamisi ijayo ameahirisha."

Mama hakujibu kwa mzaha, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema, "Mwambie nakuja."

Wiki ile alikuwa bibi harusi. Alisukwa nywele. Alipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu asubuhi mpaka alasiri akapata jozi moja ya khanga, ya rangi asiyoitaka, akaishukuru hivyohivyo. Sukari aliyokuwa ameificha kwa ajili ya mfungo aliitoa akapika visheti, kopo zima. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kazi, kwa hiyo meza ningeiangalia mimi. Alhamisi tukatoka naye, kopo mkononi, ananukia asumini kutoka huku mpaka kule.

Tenga likapimwa, likaitwa, likarudiwa. Mafuta ya taa yakapimwa. Rubani akapiga hesabu yake, akainua uso, na kwa adabu zote akasema, "Mama, kwa mzigo huu nimebakiwa na kilo themanini za mtu. Ukizidi hapo nitapunguza viazi, si neno. Ila nijue ni vingapi. Naomba na wewe upande kidogo."

Mama alisimama. Aliitazama mizani, akawatazama mahamali kwenye mikokoteni yao. Nao, mashetani wale, walikuwa wameshaacha kupiga soga. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, mwenzake akaficha meno kwa kiganja.

"Kisia," mama alimwambia rubani.

"Siwezi, mama. Kiwanja cha kule ni kifupi na kuna joto. Ndege ikizidiwa siku ya kurudi haitainuka, na mwisho wa kiwanja kuna miti."

Mchuuzi mwenzake akasema wanawake watamzungushia khanga asionekane. Mama akamjibu, "Na masikio yao mtayazungushia nini?" Mzee wa mizani akasema ataita polepole. Mama akacheka kicheko ambacho sikukipenda. "Wewe mzee umeita kilo miaka yote hiyo, leo utajua polepole? Mimi si gunia la viazi." Akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa lakini alijikaza. "Nenda wewe. Mpe visheti vyake. Mwambie mimi nakuja Alhamisi ijayo, nimepata dharura."

"Mama, panda tu," nilimwambia. "Panda, watacheka leo, kesho watasahau."

"Hawasahau hawa."

Nikapanda mimi. Mzee akaita, mahamali wakarudia, sikuona tabu yoyote, nilikuwa msichana na kilo zangu hazikuwa na habari. Nilikasirika tu. Nilikwenda uwanja wa ndege nimenuna, na khanga mpya za mama nimepewa begani ili nisionekane ovyo mbele ya watu.

Sikuwahi kupanda ndege kabla ya hapo. Tulikuwa watatu na mizigo: rubani, mpima ardhi mmoja wa serikali, na mimi, tenga la mama likigusa mgongo wangu muda wote, likinuka nyanya. Dar es Salaam iligeuka mabati, kisha ikawa minazi, kisha mikorosho, halafu kijani chote kikaanza kupauka. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ardhi ya rangi ya mkate ulioungua na mito isiyo na maji, mchanga wake mweupe ukipinda huku na huku. Kila nilipoona kibanda nilidhani tumefika. Nilijiuliza baba alikuwa anawaza nini kila mwaka anaporudi huku peke yake, akitoka kwenye kelele zetu.

Loji ilionekana paa kwanza, nyasi kuukuu zenye viraka vya bati. Rubani aliizunguka chini chini, injini ikinguruma, ndiyo hodi yake, ili mtu atoke akafukuze ng'ombe na swala kiwanjani. Kiwanja chenyewe kilikuwa mstari wa vumbi uliopangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kwenye mti mmoja ulining'inia mfuko wa unga uliokatwa kitako, kuonyesha upepo. Tuligonga chini, tukaruka, tukagonga tena. Mpima ardhi alisema alhamdulillahi na mimi nikaitikia.

Vumbi lilipotulia nikamwona baba. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya jikoni, imepigwa pasi, na viatu vimeng'arishwa. Kando yake, kwenye kivuli cha mgunga, alikuwa ameweka kiti. Si kiti cha jikoni. Kilikuwa kiti kikubwa cha barazani, cha mbao nzito na mto wa kitambaa, na alikuwa amekibeba mwenyewe kutoka loji mpaka kiwanjani na kifua kile, ili mkewe akishuka apumzike kabla ya kutembea.

Nilishuka. Alinitazama kwa furaha, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni mwa ndege. Akashuka mpima ardhi. Baba akaendelea kutazama. Rubani alipoanza kushusha tenga ndipo aliposhusha macho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mkono, hakuuachia. "Ni mizani, siyo?"

Nilikuwa na uongo wangu tayari, dharura na nini na nini. Nilishindwa kuutoa. Nikatikisa kichwa kukubali. Baba akaanza kucheka. "Namjua mke wangu," alisema, "namjua yule," akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akakaa yeye kwenye kile kiti. Alikuwa amekonda sana. Shingo ilikuwa inacheza ndani ya kola.

Ndege ililala hapo usiku ule, ikiwasubiri wageni wa kurudi kesho yake, kwa hiyo nami nikalala. Loji ilikuwa nzuri kwa namna ya vitu vilivyozeeka bila mtu wa kuvirekebisha. Kuta za mawe, baraza pana, pembe za wanyama ukutani zimeshika vumbi, friji la mafuta ya taa likikoroma, vyandarua vimeshonwa na kushonwa tena. Wageni waliosaini mlangoni zamani walikuwa matajiri wa bunduki. Siku hizo alikuja mpima ardhi, mkaguzi wa serikali, mara mojamoja mtalii aliyepotea. Nje hakukuwa na sauti hata ya jogoo. Mimi niliyezaliwa kwenye honi na mikokoteni niliusikia ukimya ule ukinikandamiza masikio.

Baba alinipeleka chumba cha mwisho, kile kizuri kuliko vyote. Alikuwa amemwomba meneja. Kitandani palikuwa na shuka lililonyooshwa, mezani ua la porini kwenye glasi. Kisha akanifungulia bafu. Palikuwa na lile sinki kubwa la kuogea la wazungu, limesimama kwa miguu ya chuma, na lilikuwa limejaa maji. Kisima kilikuwa mbali na maji yalikuja kwa punda. Kila mfanyakazi alikuwa amempa baba sehemu ya mgao wake wa siku. Aliyapasha moto maji mengine jikoni akayaongeza alipoisikia ndege.

"Mama yako hajawahi kuoga kwa kulala," alisema. "Nilitaka aone raha hiyo. Haya, oga wewe, yasipoe."

Nilioga maji ya mama yangu. Sitaki kuzidisha maneno hapo. Nililia humo ndani, na kwa sababu nilikuwa nimelowa mwili mzima sikuhangaika kujifuta.

Jioni alinipikia zile nyanya, vile viazi, kuku wa porini, akanikalisha meza ya wageni yenye kitambaa cheupe. Yeye akasimama ukutani, mikono nyuma. Nikamwambia, "Baba, kaa." Akasema kanuni ya nyumba, mpishi hakai. Meneja, kijana wa chuo aliyemwita kila mtu ndugu, akamwambia kanuni hiyo ilikwenda na wenyewe. Baba akakaa kwenye ncha ya kiti. Alifungua kopo akala kisheti kimoja, taratibu, akafumba macho, akalifunga tena. "Vingine nitakula naye."

Baada ya chakula alinionyesha chumba chake, nyuma ya jiko. Kitanda cha kamba cha mtu mmoja. Ukutani khanga ya mama, ya zamani, imefifia mpaka maneno yake hayasomeki. Hakuna kingine. "Umeona," alisema. "Mwambie umeona. Lakini mwambie aje, kuona kwako si kuona kwake."

Nilimwomba turudi wote asubuhi. Alikataa. Ndege imejaa wageni, alisema, na isitoshe ameshaomba likizo, anaanza Alhamisi ijayo. Mama yako atakuja na Alhamisi hiyo, atalala usiku mmoja, tutarudi wawili, atanipeleka hospitali mwenyewe. Alisema kama mtu anayesoma ratiba. Asubuhi ndege ilipokuwa inageuka nilimwona amesimama pembeni ya kile kiti. Alikuwa amekiacha palepale chini ya mgunga. Hakukirudisha ndani.

Mama nilimweleza yote isipokuwa kile kicheko. Nilipofika kwenye maji ya kuoga alinyanyua mkono nikanyamaza. Akavaa baibui, akatoka, akaenda kwa mzee wa mizani, wakaelewana kwamba Alhamisi atakuja kabla mahamali hawajaamka, atapanda, na mzee atamnong'oneza rubani tu. "Nilikuwa mjinga," aliniambia akirudi. "Si ningelifikiria hili mapema."

Jumatano alipanga tenga. Juu kabisa aliweka ndimu na mchaichai, na ndimu alizifuta moja moja kwa khanga. Alhamisi alfajiri tulikuwa pale kwenye mizani, soko bado halijafunguliwa, yeye na kikapu chake. Mzee alikuwepo. Rubani hakuja. Mahamali wakaamka, wakaja, wakatukuta tumesimama, naye mama hakuwajali tena. Jua lilipokuwa limeshapanda ndipo rubani alipofika kwa miguu, jasho linamtoka, akasema hakuna mafuta. Si yeye tu, nchi nzima haikuwa na mafuta, magari yamelala, ndege ndogo ndiyo kabisa. Labda Alhamisi ijayo.

Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Mama aliuza nyanya za tenga zilizoanza kulegea, akapanga nyingine. Mimi niliwalaani waarabu wa mafuta, serikali, rubani, mahamali, na usiku chini ya shuka nilimlaani hata yeye, kisha nikaomba toba.

Habari ilikuja mchana, kupitia redio ya upepo ya ofisi ya shirika pale mjini. Rubani ndiye aliyetumwa. Alivua viatu mlangoni ingawa hakukuwa na haja, na mama alipoviona vile viatu pale kizingitini alikaa chini kabla hajaambiwa neno. Baba alifariki alfajiri, akazikwa adhuhuri ileile, kama dini inavyotaka. Dereva na mlinzi na wachungaji wawili Waislamu ndio waliomswalia. Hatukuwa na mafuta ya kumfuata akiwa hai, kwa hiyo kumzika ndiyo kabisa haikuwa yetu.

Mama akaingia eda. Kaniki nyeusi, chumba cha ndani, hatoki nje. Wachuuzi walikuja matangani, wakalia kwa dhati, na wale waliokuwa wanamtania kuhusu mke wa jangwani walikaa karibu naye kuliko wote. Alipokea chakula, akakishika, akakirudisha. Mimi ndiye niliyekaa mezani sokoni na niliyekuwa naona. Kila wiki alikuwa anapungua. Kaniki iliyokuwa inamzunguka mara moja ikawa inamzunguka na kubaki.

Akiwa bado edani, mafuta yalipatikana kidogo na ndege ikaenda huko mara ya mwisho, kuwaleta wafanyakazi na vyombo. Loji ilikuwa inafungwa. Rubani aliniletea sanduku la baba. Aliniambia kaburi wamelizungushia mawe ya kiwanjani, yale ya chokaa, kwani kiwanja hakiyahitaji tena, na kwamba nyasi zimeshaanza kuota pale tulipokuwa tunatua. Ndani ya sanduku mlikuwa na sare, ile khanga, na kopo. Kopo sikumwonyesha mama. Vile visheti nilivila mimi uani, nimesimama, vikiwa vigumu.

Siku mama alipotoka eda walimwogesha, wakamvika nguo safi, wakamfukiza udi. Walitegemea atakwenda kuwaamkia ndugu Magomeni. Yeye akaniambia, "Twende sokoni." Tukaenda. Kila tulipopita watu walisimama kumpa pole, naye aliitikia lakini hakusimama, mpaka sehemu ya kushushia mizigo. Mahamali walikuwepo wote, saa nne asubuhi, mikokoteni imejaa. Mama akavua viatu, akapanda kwenye mizani.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa mizani alimtazama, akanitazama.

"Sogeza jiwe," mama alisema.

Akalisogeza. Likatulia. Mzee akafungua mdomo, akasita.

"Ita," mama alimwambia. "Ita kama unavyoita siku zote."

Akaita. Namba yenyewe sitaiandika, aliionea haya maisha yake yote na mimi ni nani wa kuitangaza. Nitasema tu kwamba ilikuwa chini ya themanini, chini kabisa. Mahamali walitakiwa kuirudia. Hawakuirudia. Kwa mara ya kwanza kilo ziliitwa pale na hakuna aliyejibu.

Mama alibaki amesimama juu ya lile bamba, ameshika khanga kifuani, anatazama mkono wa chuma ulivyotulia.

"Kumbe ningeenea," alisema. "Na viazi vyote."

Mzee wa mizani aliinamisha kichwa. Mimi ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mwanamke yule wa Alhamisi ile alikuwa mwingine, kwamba nyama zile zimekwisha humo edani. Wote pale tulilijua hilo. Nilimpa mkono ashuke, nikamwekea viatu vyake sawa, akavivaa.